Mahali Anapolala Dorothy

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Tegan Padgett alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aiguse. Alichukua ndoo ya maji ya uvuguvugu na kitambaa, akapanda juu ya bampa ya Dorothy, akamfuta kioo cha mbele. Mwenyewe alisema anamwosha uso. Dorothy alikuwa lori dogo jekundu, mkubwa kwa umri kuliko mama yake Tegan, na wekundu wake ulikuwa umechujuka kwa jua hadi ukafanana na nyama ya tikiti. Mlango wake wa kushoto ulifunguka kwa waliomjua tu: unainua, unavuta, halafu unaomba.

"Umemaliza kumpodoa?" mama yake aliuliza asubuhi moja ya mwezi wa Mei, huku akiingia upande wa usukani na kikombe cha chai mkononi.

"Bado sikio moja," Tegan alijibu, akimalizia kioo cha pembeni.

Mama yake aliitwa Corinne. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono ya kazi, na lori hilo ndilo lililowalisha wawili hao. Alibeba machungwa ya watu kutoka mashambani, alibeba kuni, alibeba hata piano ya kanisa siku ilipopelekwa kutengenezwa. Pale mjini Wirrabin hukuweza kumsikia mtu akisema Corinne Padgett amemdhulumu. Akisema mzigo utafika Jumanne, unafika Jumanne. Mimi mwenyewe nimewahi kumwona akirudi njia yote kwa sababu ya kreti moja ya machungwa aliyoisahau kwa mwenyewe.

Wirrabin iko upande wa kaskazini wa Mto Murray, katika jimbo la New South Wales. Ukivuka daraja uko Mallanook, na hapo ni jimbo la Victoria. Sisi watu wa mtoni tunavuka daraja hilo kama mtu anavyotoka sebuleni kwenda jikoni. Mkate unanunua huku, nywele unanyolewa kule. Ila serikali za majimbo hazikufanana, na kwa watu wenye magari makuukuu hiyo ndiyo iliyoleta maneno.

Dorothy alikuwa wa babu yake Tegan, mzee Clem, aliyeishi Mallanook. Mzee alipofariki alimwachia Corinne lori hilo. Corinne akamleta kwake Wirrabin, lakini namba zake zikabaki zile zile za Victoria, zilizosajiliwa kwa anwani ya nyumba ya mzee. Nyumba hiyo sasa alikaa Mjomba Garth, kaka yake Corinne. Miaka miwili ikapita bila mtu kuuliza.

Aliyeuliza alikuwa ofisa mmoja wa barabara, kijana mwenye adabu, aliyemsimamisha Corinne karibu na daraja.

"Mama, lori hili linalala wapi?"

"Kwangu. Wirrabin."

"Basi lilitakiwa kuwa na namba za huku. Gari husajiliwa linakolala. Leo sikuandikii kosa, lakini nakupa hadi mwisho wa mwezi urekebishe."

Jioni ile Mjomba Garth alikuja kula. Alikuwa bonge la mtu, mcheshi, mwenye jibu la kila swali hata lile ambalo hakuulizwa. Aliposikia habari ya ofisa aliweka uma mezani.

"Dada, usikubali. Huko kwenu wanapima uzito. Gari likiwa zito, kodi nayo inanenepa. Halafu kila mwaka lazima fundi achungulie chini ya gari kuukuu ndipo wakubali kupokea ada yako. Sisi kwetu wanauliza tu unaishi mjini au shambani, na watu wa shamba tunatozwa nafuu. Maadamu huuzi gari lako, hakuna anayekuja kuchungulia chochote."

"Na jimbo la Queensland?" Tegan aliuliza. Mwalimu wao, Bi Farrugia, alikuwa amewapa kazi ya kutafuta kitu kimoja kinachobadilika mtu akivuka daraja, na yeye alikuwa amechagua kodi za magari.

"Queensland wanahesabu silinda za injini."

"Lakini si nchi moja hii?"

"Nchi moja, mwanangu. Mifuko ndiyo mbalimbali."

Corinne hakucheka. "Ada nitaipata, kaka. Linalonitia hofu ni ukaguzi. Fundi Loretta akimshika Dorothy gerejini, atamkalisha wiki nzima. Na Jumamosi ijayo ni msafara."

Msafara haukuwa jambo la mchezo. Kila mwaka, malori ya pande zote mbili za mto hubeba marobota ya nyasi kavu na kuwapelekea bure wafugaji ambao mvua imewanyima. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Burrendah, mwendo wa siku nzima kwenda kaskazini, ambako kondoo walikuwa wakila magome ya miti. Na msafara una desturi yake: lori kongwe kuliko yote ndilo hutangulia. Mwendo unakuwa wake, na hakuna anayeachwa nyuma. Mzee Clem alitangulia na Dorothy kwa miaka mingi. Tangu afe, Dorothy hakuwahi kwenda. Mwaka huu Corinne alikuwa amesema ndiyo, na Tegan alikuwa ameahidiwa kiti cha mbele.

"Basi msajilini kama gari la kumbukumbu," Garth alisema. "Umri anao. Ni karibu bure."

"Halafu nibebe nini? Gari la kumbukumbu linakwenda kwenye maonyesho, halibebi machungwa ya watu. Usinitafutie uongo mwingine."

Garth alitafuna, akafikiri, kisha akatabasamu. "Ofisa amesema gari husajiliwa linakolala, sivyo? Basi mlete alale kwangu. Kila jioni. Hapo uongo uko wapi?"

Corinne alimkazia macho kaka yake. "Kweli alale? Siyo kwa maneno?"

"Kweli kabisa. Nitampa na blanketi."

Ndivyo ilivyoanza. Kila jioni baada ya kazi, Corinne na Tegan walivuka daraja wakiwa ndani ya Dorothy. Uani kwa Garth hapakuwa na nafasi. Palikuwa na boti, matrekta mawili yasiyowaka, na lori bovu jekundu, pacha wa Dorothy, lililozungukwa na nyasi hadi dirishani. Kwa hiyo Dorothy alishuka kijinjia hadi kwenye kibanda cha uvuvi, chini ya mikaratusi, karibu na maji. Hapo alifunikwa turubai. Kisha mama na binti wakarudi nyumbani kwa miguu, na alfajiri Corinne akaenda tena kumchukua.

Wako waliomcheka. "Corinne, unalipeleka lori bwenini?" waliuliza watu dukani. Yeye alijibu kwamba sheria imesema linakolala, naye analilaza. Tegan alitembea kando yake akiwa na majivuno. Alijua mama yake amechoka, alimsikia akivuta pumzi kwenye kile kimwinuko cha daraja, lakini hakumsikia akinung'unika hata mara moja. Watu wangapi wangejisumbua hivyo ili tu wasiseme uongo? Mimi nisingeweza, na sioni haya kusema.

Jumatano, darasa la Bi Farrugia lilisikiliza kazi zao. Tegan alisimama akaeleza vizuri: huku uzito, kule anwani, Queensland silinda. Alimaliza kwa kusema kwamba gari husajiliwa linakolala, na kwamba kuna watu waaminifu wanaolivusha lori lao daraja kila jioni. Wenzake walijua anamsema nani, wakapiga makofi.

Aliyefuata alikuwa rafiki yake Mele Fifita, ambaye wazazi wake walitoka Tonga kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya lozi. Mele hakuwahi kusimulia jambo bila kulichekesha.

"Mimi nimeleta mpaka wenyewe," alisema. "Baba alikuwa anavua. Amekaa kwenye mchanga upande wa kusini, katulia. Akaja ofisa wa uvuvi, akamwomba kibali. Baba akampa cha Victoria. Ofisa akasema, mzee, kibali hiki hakifai, uko New South Wales. Baba akasema, mbona mimi nimekaa kusini? Akaambiwa, mpaka haupiti katikati ya maji. Mto wote ni wa kaskazini, pamoja na ukingo wa kusini mpaka juu kabisa pale unapoishia. Baba akauliza, na makalio yangu je, yako wapi? Akaambiwa, nayo yako New South Wales."

Darasa zima liliangua kicheko. Bi Farrugia naye alicheka, kisha akathibitisha: ndivyo ilivyo, mpaka uko juu ya ukingo wa kusini, tangu zamani.

Tegan peke yake hakucheka. Alikuwa anakiona kibanda cha uvuvi. Alikiona kijinjia kinavyoshuka kutoka uani kwa Mjomba, kinavyoupita ukingo, kinavyofika chini karibu na maji. Kumbe siku zote hizo Dorothy hakuwahi kulala Victoria.

Wakati wa mapumziko Mele alimkuta ameketi bila kugusa pai yake ya nyama.

"Mbona umenuna? Au makalio ya baba yamekuudhi?"

Tegan alimweleza. Mele alitoa macho, akaanza kucheka, akajizuia.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Leo Jumatano. Jumamosi muende zenu na msafara, Jumapili useme. Hakuna anayejua ila wewe na samaki."

"Mama anatembea lile daraja lote akiamini hadanganyi."

"Ndiyo, lakini ukisema leo, hamtaenda. Na wewe ndiye umekuwa ukinichosha na habari ya kiti cha mbele tangu Pasaka."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma. Tegan alikitaka kile kiti. Alitaka kukaa pale alipokaa babu yake, mkono nje ya dirisha, malori yote nyuma yao. Mchana wote hesabu alizofanya Bi Farrugia ubaoni zilimpita juu kwa juu.

Jioni, Corinne alipokuwa anafunga turubai upande wa nyuma, Tegan alimwendea Mjomba Garth aliyekuwa anatengeneza ndoano mlangoni pa kibanda.

"Mjomba, kibali chako cha kuvua ni cha jimbo gani?"

"Cha kaskazini. Mto wote ni wao, mpaka huku juu..." Garth alisita. Alitazama juu kwenye ukingo, akatazama Dorothy, akamtazama mpwa wake. Kisha akashusha sauti. "Ala. Hili sikulifikiria."

"Tufanyeje?"

"Tufanye hatujafikiria mpaka Jumapili. Nani atakuja na kamba kupima?" Akamkonyeza.

Tegan alimwacha pale. Alimfuata mama yake, wakaanza safari ya nyumbani. Chini yao mto ulikuwa wa kahawia na mzito, na bata wawili walikuwa wanabishana kwenye gogo. Katikati ya daraja Corinne alisimama akakanda goti lake.

"Miguu inauma," alisema, "lakini moyo wangu mweupe. Hilo nalo lina raha yake, Tegan."

Hapo Tegan hakuweza tena. Alimweleza mama yake yote: baba yake Mele, ukingo, kibanda, Mjomba na kibali chake. Alisema haraka haraka, na mwisho akalia, kwa sababu alijua anakitupa kile kiti majini kwa mikono yake mwenyewe.

Corinne alisikiliza mpaka mwisho. Alishika reli ya daraja akatazama kule walikotoka.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na umekaa nalo siku nzima, ukijua maana yake." Alimvuta akamkumbatia. "Twende turudi."

Garth aliwaona wakirudi, akajua. Hakusubiri kuulizwa.

"Sawa, dada, sawa. Kesho nasafisha ua. Tunalivuta trekta moja pembeni, Dorothy anapanda juu ya ukingo. Ni hatua chache tu. Hapo hata jaji hana la kusema."

"Najua," Corinne alisema. "Hatua chache tu. Hilo ndilo linalonitisha." Aliketi kwenye kopo la rangi lililogeuzwa. "Garth, nimekuwa najisifu kwamba sidanganyi, kumbe nilikuwa napima udongo nione uongo wangu utatosha wapi. Kazi yangu iko Wirrabin. Nyumba yangu iko Wirrabin. Dorothy ni wa Wirrabin, na sote watatu tunajua. Mimi sikimbii kodi. Namkimbia Loretta, kwa sababu tangu mwezi wa Machi pedali ya breki inazama zaidi kidogo kuliko zamani, na sikutaka mtu aniambie kwa nini."

Garth aliziweka ndoano zake chini.

Alhamisi asubuhi Dorothy aliingia gereji ya Loretta Zanetti, mjini Wirrabin. Loretta alikuwa mwanamke mfupi aliyefunga nywele kwa mpira wa tairi ya baiskeli, na hakuwa na haraka hata kidogo. Alimwinua Dorothy, akaingia chini yake na taa, akakaa huko muda mrefu akinong'ona peke yake kwa Kitaliano. Tegan, aliyekuwa ameomba kuchelewa shule, alisubiri akiwa ameshika ndoo yake tupu.

"Corinne," Loretta aliita kutoka chini. "Njoo. Na mtoto aje."

Aliwaonyesha bomba jembamba la breki linalokwenda gurudumu la nyuma. Lilikuwa limeliwa na kutu. Loretta alilibonyeza kwa kidole gumba, na mafuta ya breki yakachuruzika hadi kwenye kiganja chake.

"Msafara mnapitia mteremko wa Tinpot?"

"Ndiyo."

"Na marobota mgongoni, na huyu pembeni yako." Loretta alijifuta mkono polepole. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nisingekuwa na la kufanya kwenye mazishi yenu ila kuleta keki."

Corinne alikuwa amepauka. Hakujitetea. "Tunaweza kumponya kabla ya Jumamosi?"

"Mabomba nitayakunja mwenyewe leo. Lakini pampu za breki magurudumuni zinavuja pia, na kwa lori la umri huu hakuna duka litakalokupa kwa siku mbili. Labda upate lori jingine la aina hii, lililokaa mahali pakavu."

Tegan aliweka ndoo chini. "Liko," alisema. "Liko uani kwa Mjomba."

Mama yake alitikisa kichwa. Wote walijua habari ya pacha wa Dorothy. Garth na mzee Clem walikuwa wamelinunua wapate kulifufua pamoja, na mzee akafa kabla hawajalianza. Watu wengi walikuja kuomba kipande hiki au kile. Garth hakuwahi kumruhusu mtu afungue hata nati moja.

"Niache nikaombe mimi," Tegan alisema.

Alivuka daraja mbio. Alimkuta mjomba wake ameegemea lile lori bovu, kama aliyekuwa anamsubiri mtu. Tegan alimwambia kuhusu kutu, kuhusu kidole gumba cha Loretta, kuhusu mteremko wa Tinpot. Hakuongeza chumvi. Haikuhitaji.

Garth aligeuka akalitazama lile lori.

"Mimi ndiye niliyemwambia asikaguliwe," alisema mwishowe. Alipitisha kiganja juu ya boneti yenye vumbi. "Tungewazika dada yangu na wewe, halafu mimi nikabaki hapa na lori zima lisilokwenda popote. Baba angenizaba kofi kwa kuniona nasita. Niletee spana, mwanangu. Ile kubwa, nyuma ya boti."

Walifanya kazi mpaka grisi ikawafika viwikoni. Sehemu hizo zilipofika gerejini, Loretta alizifungua, akazisafisha, akaziwekea mipira mipya, akazijaribu tena na tena. Garth alikaa gerejini siku zote mbili, akimshikia taa na kupokea matusi ya Kitaliano bila kujibu. Ijumaa alasiri Loretta alilipeleka lori barabarani, akakanyaga breki mara kadhaa, akarudi.

"Sasa anasimama kama mtu mwenye akili," alisema, akatia sahihi hati ya ukaguzi.

Ada ya New South Wales ilikuwa kubwa kuliko ya Victoria, sitasema uongo. Corinne alitoa fedha alizokuwa ameweka akiba za mashine ya kufulia, na kwa miezi iliyofuata wakaendelea kufua kwa jirani. Lakini Ijumaa ile ile alitoka ofisi ya usajili na namba mpya kwapani, na Tegan ndiye aliyezifunga, huku ulimi ukiwa umemtoka pembeni ya mdomo.

Jumamosi malori yalipangwa barabarani kabla jua halijapanda. Palikuwa hata na lori la mwanamke mmoja aliyejitolea kutoka Queensland, kubwa na jipya, linalong'aa. Alishuka akamtazama Dorothy kuanzia taa hadi mkia.

"Huyu ndiye anatuongoza? Silinda zake zinatosha kuchemsha chai?"

"Chai na uji," Corinne alijibu. "Kaa nyuma yangu, na usinipigie honi."

Garth, aliyekuwa anafunga kamba za marobota, alicheka hadi akakohoa. Kisha akaja dirishani upande wa Tegan, akainua mlango, akausukuma, akaomba, ukafungika.

Alasiri walifika Tinpot. Barabara hapo inashuka kati ya mawe, na kona ya mwisho haionekani hadi uifikie. Corinne alishuka kwa gia ndogo, mzigo ukisukuma mgongoni. Walipoipita kona, katikati ya barabara alisimama emu dume, ndege mrefu kama mbuni, pamoja na vifaranga vyake, vile vya mistari mistari, vimeduwaa.

Corinne alikanyaga breki. Dorothy aliguna, akainamisha pua, akasimama. Alisimama mahali ambapo Tegan aliweza kuona kope za yule ndege. Nyuma yao malori yalisimama moja moja, mpaka la mwisho. Emu aliwatazama bila shukrani yoyote, akavusha watoto wake, akaenda zake.

Mguu wa Corinne ulikuwa bado juu ya pedali. Tegan aliweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake kwenye gia, na wakakaa hivyo hadi mwanamke wa Queensland, aliyekatazwa kupiga honi, alipowasha taa kuuliza kama ni wazima.

Burrendah walipokelewa na vumbi, soseji za kuchoma na watu waliofuta macho wakisingizia vumbi hilo. Marobota yaliposhushwa, kondoo walikuja wakisukumana. Mzee mmoja mwenye shamba alisimama tu mbele ya Dorothy kofia mkononi, hajui amshukuru nani.

Walipokuwa wameketi juu ya sakafu tupu ya lori, wakila, Corinne alimgeukia binti yake.

"Nisikilize, Tegan. Nitakwambia kwa sababu nami nimejifunza juzi tu. Majimbo yatatofautiana. Huku watapima uzito, kule watauliza anwani, na mtu atapata daima mahali ambapo haulizwi. Mtu mwaminifu anajibu hata pale ambapo hakuulizwa. Mimi nililijua hilo kwa mdomo. Wewe ulilifanya juu ya daraja, ukijua unapoteza unachokitaka. Ndiyo maana tuko hai tunakula soseji."

Tegan aliegemea bega la mama yake.

Walirudi Wirrabin Jumapili, na Dorothy akalala uani kwake, chini ya dirisha la Tegan. Jumatatu asubuhi, Tegan alipokuwa akienda shule, alipita mbele ya gereji ya Loretta. Pikapu ya Mjomba Garth ilikuwa imeinuliwa juu, na mwenyewe amesimama chini yake, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri daktari.

"Mjomba, si ulisema kwenu hawaulizi?"

"Hawaulizi," Garth alisema. "Nimejiuliza mwenyewe."